Batwing: shujaa Mkongo aliyenyang'anywa mabawa

Mwezi wa tisa mwaka wa 2011, kampuni ya Marekani DC Comics ilifanya jambo ambalo wapenzi wa bede bado wanalibishania. Ilifuta hesabu ya vitabu vyake vyote vya mashujaa na kuanza upya. Action Comics, kitabu kilichomzaa Superman mwaka wa 1938, kilikuwa kimefika namba 904. Kikarudi namba 1. Detective Comics, nyumba ya Batman, kilikuwa namba 881. Nacho kikarudi namba 1. Kwa jumla vilitoka vitabu 52 vipya katika muda wa wiki tano hivi, na kampuni ikamwambia msomaji: ingia sasa, huhitaji kujua yaliyopita.

Kati ya hivyo 52, kimoja kilihusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kinaitwa Batwing. Shujaa wake, David Zavimbe, ni Mkongo, polisi katika mji wa kubuni unaoitwa Tinasha. Mchana anavaa sare ya serikali kati ya wakubwa wanaokula rushwa, usiku anavaa vazi la chuma lenye mabawa alilopewa na Batman. Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, hicho ndicho kitabu cha kupima kwanza kabla ya vingine vyote.

Namba ya kwanza ya kitabu cha bede ina kazi moja: kumfungulia mgeni mlango na kumpa sababu ya kurudi mwezi unaofuata. Wengine walishindwa kazi hiyo wakiwa na kila kitu mkononi. Justice League namba 1, ya Geoff Johns na mchoraji Jim Lee, ilikuwa ndiyo bendera ya mpango wote. Jalada linaonyesha kundi zima la mashujaa, lakini ndani msomaji anawakuta Batman na Green Lantern wakigombana kurasa nyingi, kijana mmoja uwanjani akicheza mpira wa Kimarekani, na Superman akitokea mwishoni kabisa. Picha ni nzuri sana, ila aliyelipa dola 3,99 alinunua nusu ya hadithi.

Grant Morrison na Rags Morales walifanya vizuri zaidi katika Action Comics. Superman wao ni kijana mwenye suruali ya jinzi na fulana, anayemtisha tajiri mwizi na kuwatetea maskini wanaobomolewa nyumba wakiwa bado ndani. Kurasa chache tu zinatosha kujua huyu ni nani na anamchukia nani. Animal Man ya Jeff Lemire ilichukua shujaa asiyejulikana sana, ikamweka mezani pamoja na mke na watoto wake, kisha ikaleta hofu ndani ya nyumba hiyohiyo. Upande wa aibu kulikuwa na Catwoman na Red Hood and the Outlaws, ambamo wanawake walichorwa kwa macho ya tamaa kuliko kwa akili. Lawama walizopata zilikuwa za haki.

Batwing inasimama wapi katika safu hii? Kwa ufundi iko juu. Ben Oliver alichora watu weusi wenye sura tofauti, wenye umri tofauti, wenye uchovu na hasira usoni. Hilo linaonekana jambo dogo mpaka mtu akumbuke namna Wakongo walivyochorwa katika Tintin, miaka ya 1930 na 1931: midomo mikubwa, macho ya kushangaa, wote sura moja. Mwandishi Judd Winick naye alifanya uamuzi mzuri. Batman anakuja Tinasha kama mshauri, anasikiliza, na kazi inabaki mikononi mwa Mkongo.

Uamuzi mwingine ulihitaji ujasiri zaidi. David na ndugu yake Isaac ni yatima waliochukuliwa na mbabe wa vita wakafanywa askari watoto. Kwa lugha ya kwetu, ni kadogo. Mashariki mwa Kongo neno hilo lina uzito wake tangu vita ya 1996, na wako wazazi ambao hawawezi kulisikia bila kukumbuka mtoto fulani. Kumfanya kadogo wa zamani awe shujaa, badala ya kumwacha awe mtu wa kuhurumiwa au wa kuogopwa, ni heshima ambayo bede za Marekani hazikuwa zimezoea kuitoa.

Lakini kitabu hichohicho kina kasoro zinazouma. Adui wa namba ya kwanza anaitwa Massacre, yaani mauaji ya halaiki, na silaha yake ni panga. Kurasa zimejaa miili iliyokatwa. Gotham nako kuna damu, ila Gotham kuna pia duka la kona, shule, kanisa, chakula cha jioni na mzaha. Tinasha ya namba ya kwanza ina biro ya polisi, maiti na moshi. Hakuna mama anayeuza samaki, hakuna kijana wa pikipiki, hakuna ngoma ya arusi. Msomaji wa Chicago akifunga kitabu anabaki na picha moja tu ya inchi yenye mamilioni ya wakaaji.

Majina nayo yanasema mengi. Mbabe wa vita anaitwa Keita, jina la watu wa Mali na Guinea. Msaidizi wa shujaa anaitwa Matu Ba, na Ba ni jina la Wafulani wa upande wa Senegal. Wakongo wana majina yao, na mengi yana hadithi ndani yake: ya mapacha, ya babu, ya siku ya msiba. Kuyatafuta hakukuhitaji hata tiketi ya ndege.

Atatokea wa kusema: hii ni bede tu, na hata Metropolis ni mji wa kubuni. Ni kweli. Tofauti ni kwamba mtoto wa New York ana sinema mia na vitabu elfu vya kumwonyesha mji wake wa kweli. Mtoto wa New York aliyepata Batwing mwaka ule huenda hakuwa na kitu kingine chochote kuhusu Kongo isipokuwa habari za vita. Picha moja ikiwa peke yake, inageuka kuwa ushahidi.

Hata hivyo kasoro za mwanzo zingeweza kusahihishwa. Wahusika wengi wakubwa walianza vibaya wakakomaa. Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye. Novemba 2012, wakati M23 ilipoingia Goma, David Zavimbe alikuwa bado na mabawa yake. Miezi michache baadaye, mwaka wa 2013, katika namba ya 19, alivua vazi na kuacha kazi. Batman akamkabidhi Luke Fox, Mmarekani, mwana wa Lucius Fox, na hadithi ikahamia Gotham. Kitabu kikaendelea hadi namba ya 34 mwaka wa 2014, kikafa. Luke Fox hana kosa. Ni mhusika mzuri. Lakini Gotham ilikuwa tayari na walinzi wa kutosha, na Tinasha ilikuwa na mmoja.

Sababu za biashara zinaeleweka. Vitabu viwili vingine vya 2011 vilivyoongozwa na mashujaa weusi, Static Shock na Mister Terrific, vilifungwa vikifika namba ya 8. Batwing ilidumu kuliko hivyo. Ila mwenye kitabu kisichouzika huweza kukifunga kwa heshima. Kubaki na jina la shujaa na kumtupa mwenyewe ni kitu kingine.

DC ilianza upya tena mwaka wa 2016, na itaanza tena siku nyingine, kwa sababu namba 1 huuza. Wapenzi wa David Zavimbe wana haki ya kudai arudi, safari hii akiwa na soko, majirani na lugha. Na wasimngojee yeye tu. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mkono wa Mkongo unaweza kuchora Kongo ikasomwa Ulaya. Kijana wa Goma anayechora leo pembeni ya daftari la shule anajua jambo ambalo waandishi wa Tinasha hawakulijua: barabara ya kwao inapita wapi, na nani anakaa kando yake.