Kamera Haimjui Nyanya Yako

Kuna imani inayozidi kukubalika: mtu akiinua kitambulisho mbele ya kamera ya simu, uso ukafanana na picha, basi ametambuliwa, na wakili aliyeketi Voi au Nairobi anaweza kugonga muhuri bila wasiwasi. Kwa wenye mashamba huku Chawia, katika milima ya Taita, ambako kipande kimoja cha mteremko huweza kuwa urithi wote wa ukoo, imani hiyo ni hatari.

Sipingi hati kusainiwa kwa mbali. Mwana wa Chawia anayefanya kazi Doha hawezi kupanda ndege kila ndugu zake wanapohitaji hati ya uwakili, na Bunge lilikwisha kuipanulia njia sahihi ya kielektroniki katika marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020. Ninachokataa ni dhana kwamba kumlinganisha mtu na kadi yake ndiko kumtambua.

Sheria yetu haidhani hivyo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinataka anayesaini afike mbele ya msajili au afisa anayeruhusiwa, na kama afisa hamjui, aje na shahidi wa kuaminika wa kumtambulisha. Kisha afisa ahakikishe kwamba mtu huyo amesaini kwa hiari yake. Hiari! Programu gani inaipima?

Chukua nyanya wa miaka 80. Simu ni ya mjukuu, laini ni ya mjukuu, na nambari ya siri inayoingia kwa ujumbe anaisoma mjukuu. Nyanya anaambiwa atazame kamera, apepese macho, ageuze kichwa. Uso ni wake, kitambulisho ni chake, na mtambo unaridhika. Ila yeye ameelezwa kwamba hizo ni fomu za pesa za wazee za Inua Jamii, na kwa kuwa maneno yote yako kwa Kiingereza, hana la kuuliza. Hakuna kilichoghushiwa hapo. Kamera imeonyesha uso wake, haikumwonyesha aliyeketi kando yake akimwelekeza.

Na anayetaka kughushi anavyo vifaa. Mapema mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi wa kampuni moja alivyotuma takriban dola milioni 200 za huko baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa na wenzake aliowaona walikuwa wametengenezwa kwa akili unde. Kama sura za watu wa kazini mwake zilimhadaa, wakili atamwonaje mlaghai katika uso asiowahi kukutana nao?

Watetezi hutaja Marekani, ambako jimbo la Virginia liliruhusu uthibitishaji wa mbali kuanzia mwaka 2012. Lakini njia mojawapo inayotegemewa huko ni kumuuliza mtu maswali kutoka kumbukumbu za mikopo yake na makazi yake ya zamani. Mkulima ambaye hajawahi kukopa benki, na ambaye barua zake hupitia sanduku la posta la kanisa, ataulizwa nini?

Nakubali kwamba njia ya karatasi nayo imechafuliwa. Karani hubeba hati ya kiapo, ikarudi ina muhuri, na aliyeapa hajawahi kumwona wakili. Hilo ni kosa lile lile: kuthibitisha karatasi na kumwacha mtu.

Tunachohitaji ni shahidi wa kifungu cha 45 aingie kwenye simu ya video. Jirani wa mpakani au mzee wa kijiji awe chumbani, asiwe na faida yoyote katika hati, na asichaguliwe na anayepokea shamba. Hati isomwe kwa Kidawida kama ndiyo lugha ya anayesaini. Wanaofaidika watoke nje, kamera ionyeshe chumba kizima, kisha nyanya mwenyewe aeleze anatoa nini na anampa nani.

Chama cha Mawakili na Wizara ya Ardhi waandike kanuni hizo sasa. Nawe mwenye mzazi au nyanya anayemiliki shamba huku milimani, usikubali awekwe mbele ya simu kabla jirani anayepakana naye hajaitwa.