Mchagua jembe si mkulima? Kwa mashine ya CNC nabisha!

Najua nimepotea, na wale mnaonitumia meseji kuuliza kama nimedisco, jibu ni hapana, bado nipo nipo sana. Niko likizo nyumbani Itumba, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, ule ambao hadi 2016 ulikuwa ndani ya Mbeya. Mvua inanyesha kama imetumwa, baridi usiseme, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Nimekaa jikoni karibu na moto, laptop ina chaji asilimia 40, kwa hiyo naingia kwenye hoja moja kwa moja.

Kikundi chetu cha modeli kinataka kuchanga tena kununua mashine ya CNC ya mezani. Kwa wale wa fani nyingine: ni mashine ndogo inayoongozwa na kompyuta, unaipa mchoro, yenyewe inasogeza kifaa cha kukatia kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu na chini mpaka kipande kinatoka. Wazo lenyewe ni la zamani, Wamarekani wa MIT walionyesha mashine ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1952, ikiwa kubwa sana. Siku hizi inaingia kwenye begi. Sisi tunaitaka kwa kukatia kuta, milango, madirisha na kenchi za modeli za majengo, maana kukata kwa wembe mpaka saa tisa usiku tumechoka, na vidole vyetu ni mashahidi.

Sasa wengine wanasema tununue yoyote tu, cha msingi tuanze. Mmoja kaniandikia: "Mweka hazina, mchagua jembe si mkulima." Nimeisoma mara tatu. Mimi hapo nabisha, na nina sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mwaka jana nilichagua mimi, na nilichagua vibaya. Tulikuwa watu 11, kila mtu elfu hamsini, jumla 550,000. Ilikuwa hela ya bumu, tena bumu lililochelewa. Kuna mshikaji mmoja, simtaji, alitoa yake halafu wiki mbili akawa anakula kwa zamu kwenye vyumba vya wenzie. Mimi nikaenda kwenye picha, nikaona mashine yenye eneo la kukatia sentimita 40 kwa 40, nikasema hii ndiyo yenyewe, kubwa! Kumbe ile fremu ilitengenezwa kubeba leza. Leza haigusi ubao, ni mwanga tu, kwa hiyo fremu yake inaweza kuwa nyepesi na kuvutwa kwa mikanda ya mpira bila shida. Sisi tukafunga mota yenye biti. Biti inasukuma ubao, ubao unasukuma biti, fremu ikawa inacheza ngoma.

Matokeo? Mlango wa sentimita 90, kwa kipimo cha 1:50, unatakiwa uwe na upana wa milimita 18. Wetu ulitoka 17.2, tena umelala upande. Ukisema milimita 0.8 ni kitu gani, zidisha kwa 50: mlango umepungua sentimita 4! Biti za milimita moja zilivunjika tano siku ya kwanza. Siku ya kuwasilisha tulirudi kwenye wembe, na kila nikikutana na yule mshikaji kwenye foleni ya chakula nilikuwa naangalia chini.

Likizo hii nikaibeba mpaka huku. Basi la Mbeya mpaka Mpemba, halafu ile lami ya kwenda Isongole, mashine mapajani kama mtoto. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi seremala wa hapa Itumba, ana banda lake na randa za tangu enzi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Hakuuliza mota ina nguvu gani wala programu gani. Aliweka dole gumba kwenye ile sehemu inayobeba biti, akasukuma kidogo. Ikasogea. Akanitazama. "Mjukuu wangu, sasa hiki kitakata nini kama kidole changu kinakishinda?"

We acha tu. Elfu 550 zimepimwa kwa dole gumba.

Halafu akaniuliza swali ambalo sisi wasomi 11 hatukuwahi kuulizana: "Mnakata nini hasa?" Nikabaki nimesimama. Jioni nikachukua daftari, nikaandika. Nawapeni nilichoandika, maana naamini uamuzi wote uko humu.

Kwanza, kipande kidogo kuliko vyote. Kwenye modeli ya darasa kwa 1:50, ukuta wa tofali la inchi 6 ni milimita 3. Hiyo ni plaiwudi ya milimita 3 kama ilivyo dukani, bahati nzuri sana. Ila mbao ya 2 kwa 4 ya kwenye kenchi inakuwa milimita 1 kwa 2. Hapo ndipo mashine inapojulikana. Na kumbuka biti ni ya duara: biti ya milimita 1 haiwezi kukata kona ya ndani ya dirisha ikawa kali, itaacha mviringo wa nusu milimita. Utamalizia kwa tupa ndogo, hakuna ujanja.

Pili, kipande kikubwa kuliko vyote. Hapa ndipo tulipodanganyika. Darasa la mita 9 kwa 7 kwa 1:50 ni milimita 180 kwa 140. Ile mashine ndogo inayouzwa kila mahali kwa jina la 3018 ina eneo la milimita 300 kwa 180. Inatosha! Jengo la mita 24 halitaingia, sawa, lakini ukuta mrefu unakatwa vipande viwili na kuungwa pale ukuta wa kugawa vyumba unapokutana nao, hakuna mwalimu atakayeona. Tulilipia ukubwa ambao hatukuuhitaji, na ukubwa huohuo ndio uliotuponza, kwa sababu chuma kile kile ukikirefusha kinapinda zaidi.

Tatu, malighafi tunayoipata kweli. Hapa najua timu ya leza mtanirukia, kwa hiyo ngoja niwape haki yenu. Leza ya gesi, kama zile zinazoitwa K40 zenye wati 40, inakata plaiwudi ya milimita 3 na akriliki vizuri kuliko biti. Mkato ni mwembamba, kona zinatoka kali, ubao hauhitaji kubanwa sana, na kenchi zile za milimita 2 inazitoa bila kuzivunja. Kwa kasi hatushindani. Nakubali kabisa.

Lakini! Ile leza ndogo ya buluu, ya bei rahisi, ambayo wengi wenu ndiyo mnayoiangalia, haikati akriliki inayoonyesha, mwanga unapita tu kama kwenye dirisha. Na zile bodi nyeupe za PVC wanazotumia mafundi wa mabango, ambazo sisi tunaokota mabaki yake bure, ni MARUFUKU kwenye leza yoyote. Zikiungua zinatoa gesi ya asidi, inakula mapafu yako halafu inakula na mashine. Kwa biti zinakatika kama sabuni. Sasa niambie, kikundi kinachoishi kwa mabaki ya bure kinunue mashine isiyoruhusu mabaki hayo? Bado sijasema habari ya macho, ya moshi, na ya moto. Leza haitakiwi kuachwa peke yake hata dakika moja, na mimi nawajua, mtaiwasha mkaenda kuangalia mechi.

K40 yenyewe ina bomba la kioo ndani, inataka maji ya kuipoza, na umeme wake ni wa maelfu ya volti. Bei yake kwetu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mchango wote. Bomba hilo likipasuka kwenye buti la basi, mchango umekwisha.

Nne, na kwangu hii ndiyo kubwa kuliko zote: ikiharibika, nani anatengeneza? Mota ya 3018 ni mota ya kawaida ya umeme mdogo. Skrubu zake ni fito za nyuzi unazoziona kwa macho. Kichwa chake ni ubao mdogo wa elektroniki unaoendeshwa na Grbl, programu ya bure iliyoanza 2009, na mwenye Arduino kwenye droo anaweza kuanza kujitengenezea. Hakuna siri humo ndani. Hatutakuwa wa kwanza kuishi hivyo: vijana wa STICLab pale Dar walitengeneza mashine za kuchapa vitu kwa kutumia taka za kielektroniki, na Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alifanya hivyo hivyo mwaka 2013. Hawakuwa na duka la vipuri jirani. Walikuwa na mashine wanayoielewa.

Na umeme je? Grbl ikizimika katikati ya kazi inasahau iko wapi. Kwenye mashine isiyo na swichi za mwisho wa reli, ubao wako umekwenda na maji. Dawa yake nimeijaribu hapa Itumba, ambako umeme ulinikatikia mara mbili mchana mmoja: toboa matundu mawili kwenye ubao wa chini, weka pini mbili, kazi ibanwe hapo hapo kila mara, na alama ya kuanzia iwe kwenye pini. Umeme ukirudi unarudisha biti kwenye alama, unaanzia mzunguko uliokatika. Tena kata kidogo kidogo: nusu milimita kila mzunguko, plaiwudi ya 3 ni mizunguko sita. Unachoka kusubiri, lakini biti haivunjiki. Na acha vishikizi vidogo pembeni ya kila kipande, usimalize kukata pande zote, la sivyo kipande kikiachia kinaruka na biti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tununue 3018 yenye fremu ya chuma au alumini, siyo ile yenye viungo vya plastiki, na yenye swichi za mwisho. Kabla ya kulipa, aliye karibu na muuzaji afanye mambo mawili: aweke dole gumba la yule mzee, na aombe ikate mraba wa milimita 20 mbele yake, aupime kwa vernia pande zote mbili. Ukitoka 20 huku na 19.5 kule, aondoke zake. Kenchi tuchange kidogo tupeleke kwa fundi wa mabango mwenye leza, tulipie kazi, tusinunue leza. Na mashine isikae hosteli. Ina kelele na vumbi la MDF siyo kitu cha kulala nacho, iende karakana na barakoa juu.

Mtasema mweka hazina aliyeunguza 550,000 hana mdomo wa kushauri. Ni kweli. Ndiyo maana safari hii nachangia mara mbili, na sehemu ya yule mshikaji nailipa mimi, asitoe hata mia. Ile fremu ya zamani siitupi, tutaifungia kalamu, ichore michoro, hiyo kazi haina nguvu ya kuisukuma.

Turudi kwenye jembe. Leo asubuhi nilikwenda dukani na mama, anataka jembe la msimu. Alilishika, akaligonga akasikiliza, akaangalia tundu la mpini, akalirudisha. La pili akalirudisha. La tatu akalipia. Nikamwambia, mama, si wanasema mchagua jembe si mkulima? Akacheka: "Wanaosema hivyo wanawasema wasiotaka kulima. Mimi kesho naingia shambani, na mlima naujua."

Wadau, sisi mlima wetu tunaujua sasa. Milimita moja kwa mbili.

Chaji imebaki asilimia 9. Naomba kuwasilisha, wapinzani mjipange tukifungua chuo. Tupo pamoja!