Nakala ya Gari la Kale Si Upuuzi

Wapo wanaoyadharau magari ya mashindano yaliyoundwa upya kwa mfano wa yale ya kale, wakiyaita bandia. Sikubaliani nao. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh aliitumia kushinda Safari Rally ya mwaka 1965 ni kumbukumbu. Mwenye busara hawezi kuirusha tena matopeni. Nakala yaweza kurushwa, ikavunjika, ikatengenezwa. Fundi anayekunja bati kwa nyundo kufuata umbo la zamani hujifunza yale ambayo kompyuta ya gari la leo humficha.

Mashindano ya Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, hupitisha Afrika Mashariki magari ya Porsche 911 ya zamani, mengi yakiwa yameandaliwa Uingereza. Huku Lupepo, ambako mvua na matope havituishii, wamo vijana wenye mikono ya kazi hiyo. VETA Mbeya iwape bati, mashine ya kuchomelea na mchoro wa gari moja.