Mwalimu Mkongwe na Mwalimu Mpya: Ugomvi Si wa Umri

Katika majilisi ya shule nyingi za Thika na Ruiru kuna ugomvi wa chini kwa chini ambao wazazi hawauoni, lakini ambao watoto wao wanaulipia. Ni ugomvi kati ya walimu wakongwe na walimu waliojiunga na kazi katika miaka ya hivi karibuni. Kwa kuwa nimetangamana na walimu wa marika yote katika miji hii miwili, naweza kuyaeleza malalamiko ya pande zote mbili bila shida, maana hayabadiliki.

Mkongwe asema kwamba mwalimu wa siku hizi hana wito. Ana haraka ya pesa, huuliza malipo kabla ya kuuliza kazi, na kengele ya mwisho inapolia huwa yu langoni mbele ya wanafunzi. Mwalimu mpya naye asema kwamba mkongwe amezoea kuinamisha kichwa. Hukubali kila waraka unaotoka juu, huwaachia vijana zamu, michezo na vipindi vya ziada, kisha huwahubiria kuwa mvumilivu hula mbivu.

Maoni yangu ni kwamba kila mmoja anaeleza kwa usahihi yale anayoyaona, ila wote wawili hawajatafuta chanzo chake. Tunapenda kusema kuwa vijana wamebadilika. Yafaa tujiulize kwanza kama kazi yenyewe ndiyo iliyobadilika, nao vijana wakabadilika kwa kuifuata.

Marubani waliyapitia haya zamani, na kisa chao kina funzo kwa walimu. Nchini Marekani, mwaka 1983, kampuni ya American Airlines ilifikia mapatano na marubani wake kwamba wale waliokuwa kazini wangebaki na mishahara yao, lakini watakaoajiriwa baadaye wangelipwa kwa kipimo cha chini sana. Kipimo cha wakongwe kiliitwa A na cha wageni kikaitwa B. Wakongwe walitia sahihi kwa kuwa mifuko yao haikuguswa. Matokeo yake yalikuwa kwamba watu wawili wenye leseni moja, wakiendesha ndege za aina moja na kubeba abiria wale wale, walikuwa na malipo mawili. Kadiri marubani wa kipimo B walivyoongezeka, ndivyo kinyongo kilivyoongezeka ndani ya chama chao.

Miaka miwili baadaye kampuni ya United ilitaka kufuata njia hiyo hiyo. Mnamo Mei 1985 marubani wake waligoma kwa siku 29. Mgomo huo ulikuwa wa ajabu kidogo, kwa maana wakongwe waligoma kwa ajili ya mishahara ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajaanza kazi. Na wengi wa vijana waliokuwa wakifunzwa ili waajiriwe na United walikataa kuingia kazini wakati wenzao wako nje, ijapokuwa hawakuwa wamepokea hata mshahara mmoja. Wakongwe na wageni walikuwa wametambua kwamba anayepunguziwa leo si yule mgeni peke yake.

Nimekwenda mbali hadi Marekani kwa sababu nadhani sisi nasi tumeunda kipimo A na kipimo B katika ualimu, pasipo kuvipa majina hayo.

Tumtazame kwanza mwalimu mkongwe. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliundwa mwaka 1967. Kwa miongo mitatu iliyofuata, kijana aliyehitimu katika chuo cha walimu cha Kilimambogo, hapo karibu na Thika, au katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, alijua kwamba barua ya kumpeleka shuleni ingemfuata. Huenda ilimpeleka mbali na kwao, lakini ilikuja. Barua hiyo ilibeba ajira ya kudumu, marupurupu ya nyumba na malipo ya uzeeni ambayo serikali iliyagharimia bila kumkata mwalimu senti kutoka mshahara wake.

Mshahara wenyewe ulikuwa duni, na hakuna anayepaswa kulisahau hilo. Ndiyo sababu mnamo Oktoba 1997 walimu waliongozwa na katibu mkuu wa KNUT wakati huo, marehemu Ambrose Adongo, katika mgomo uliotikisa nchi miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Serikali iliahidi nyongeza ya hadi asilimia 200, ilipwe kwa awamu. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha serikali ikasema haina fedha. Walimu waligoma tena mwaka 1998 na kurudi madarasani mikono mitupu. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba wazee hawakujua kudai haki hajasoma historia ya chama chake.

Hata hivyo, mkongwe alikuwa na kitu kimoja kilichoupa uvumilivu wake maana, nacho ni uhakika. Aliweza kuweka akiba katika chama cha ushirika cha walimu, akakopa, akanunua kiwanja Ruiru au Juja wakati ambapo bei ilikuwa ndani ya uwezo wake, na kujenga polepole. Alivumilia kwa kuwa aliona mwisho wa safari. Ule tunaouita wito ulikuwa na sakafu ya kusimamia.

Sakafu hiyo iling'olewa ubao mmoja mmoja. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha utaratibu wa kumwajiri kila mwalimu aliyehitimu. Baadaye, kwa muda mrefu, walioajiriwa walikuwa hasa wa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Hivyo likazuka tabaka la walimu wenye vyeti na nambari za usajili wanaosubiri mwaka baada ya mwaka, wakifundisha kwa malipo kidogo ya bodi za shule au katika shule za kibinafsi.

Ubao wa pili uling'olewa Januari 2021, mpango mpya wa malipo ya uzeeni ya watumishi wa umma ulipoanza. Mwalimu aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 45 alilazimika kujiunga nao. Alikatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi katika mwaka wa kwanza, asilimia 5 katika mwaka wa pili, na asilimia 7.5 tangu mwaka wa tatu. Aliyefikisha miaka 45 aliruhusiwa kubaki katika mpango wa zamani. Sisemi kwamba mpango mpya hauna faida, kwa maana serikali nayo huchangia asilimia 15. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo walimu wawili wanaokalia meza moja, mmoja wa miaka 46 na mwingine wa miaka 44, walikuwa na masharti mawili kuhusu uzee wao.

Ubao wa tatu ndio ulioleta kelele kubwa zaidi. Sekondari msingi zilipoanza Januari 2023, walimu zaidi ya 20,000 waliingia humo kama wanagenzi, kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, ambayo baada ya makato ilibaki kama Sh17,000. Neno mwanagenzi lina maana yake. Ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Lakini hawa walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, na darasani hapakuwa na fundi wa kuwafunza. Wengi walifundisha masomo kadhaa peke yao, yakiwemo yale ambayo hawakuyasomea. Wajibu ulikuwa wa mwalimu kamili na malipo yalikuwa ya mwanafunzi.

Mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iliamua kwamba kuwatumia walimu waliohitimu kwa njia hiyo ni kuwakiuka haki zao. Muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi wa Mei, wanagenzi wengi waligoma. Hatimaye, Januari 2025, walimu wapatao 46,000 walipewa ajira ya kudumu. Lakini mwezi huo huo wengine 20,000 waliingizwa kama wanagenzi wapya. Mlango mmoja ulifungwa na wa kando yake ukafunguliwa.

Sasa mweke mwalimu huyo Ruiru. Katika sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 490,120 na Thika 251,407. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, Ruiru imekuwa kitanda cha wafanyakazi wa Nairobi, na kodi ya nyumba huko hufuata mishahara ya Nairobi. Walakini katika mkataba wa walimu wa 2021 hadi 2025, Thika ilihesabiwa pamoja na Mombasa, Kisumu na Nakuru katika marupurupu ya nyumba, ilhali Ruiru haikuwa katika kundi hilo. Orodha ilifuata ramani ya zamani. Mwanagenzi naye hakuwa na marupurupu yoyote ya nyumba ya kubishania. Alitarajiwa kulipa kodi, nauli na chakula kwa Sh17,000, kisha asubuhi asimame mbele ya darasa akiwa nadhifu na mchangamfu.

Je, ni ajabu kwamba kijana huyu huondoka mapema kwenda kufunza watoto wa watu majumbani, au hukesha akiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za vyuo vikuu kwa malipo? Kazi hiyo ya pili ni aibu kwa mwalimu, nami siitetei. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi mtihani wake ameuza kitu alichoapa kukilinda. Lakini mkono mtupu haulambwi, na taifa linalomlipa mwalimu nusu halina haki ya kushangaa linapopata nusu ya mwalimu.

Kuna jambo jingine linalochochea moto. Sekondari msingi ziliwekwa ndani ya shule za msingi, chini ya walimu wakuu wa shule hizo. Baadhi ya wakuu hao walianza kazi na cheti cha P1, na walimu wapya walio chini yao wana shahada au diploma. Kijana huona anatawaliwa na mtu asiye na cheti chake. Mkuu huona anadharauliwa na mtoto ambaye angaliweza kumfundisha darasa la nne. Walimu wa sekondari msingi wamedai wapewe uongozi wao wenyewe. Sioni kuwa hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Mkuu wa shule ambaye ameendesha shule kwa miaka 20 anajua mambo ambayo shahada haifundishi: jinsi ya kuzungumza na mzazi mlevi, jinsi ya kumtambua mtoto aliyekuja bila kula, jinsi ya kulitawala darasa la watoto 70 bila kiboko. Kijana anayekataa kujifunza hayo anajinyima urithi wake. Hata hivyo ni vigumu kumheshimu mrithishaji anayekuita mvivu huku akijua unalipwa sehemu ndogo ya anacholipwa yeye.

Watasema wengine kwamba serikali haina fedha za kuwaajiri wote kwa mara moja. Yawezekana ni kweli. Lakini uhaba wa fedha ni sababu ya kuajiri kwa awamu zinazojulikana, zenye tarehe ambazo mtu anaweza kupangia maisha yake. Hauwi sababu ya kumwajiri mtu na kukana kwamba umemwajiri. Walimu wa 2023 waliambiwa mwaka mmoja, ukawa miwili. Ahadi ni deni, na anayemfunza kijana kwamba ahadi za mwajiri hazina uzito asimlaumu kijana huyo akiichukulia kazi kama kituo cha basi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wakongwe wa Thika, Ruiru na kwingineko. Mnamo Agosti 2024 KUPPET iligoma, na miongoni mwa madai yake ilikuwa wanagenzi waajiriwe. KNUT ilikuwa imefuta mgomo wake siku moja kabla. Sitaki kuhukumu chama gani kilikuwa na busara zaidi siku hiyo. Nasema tu kwamba vyama viwili vinavyogombania michango ya walimu wa sekondari msingi vingefanya vyema kusema kwa sauti moja juu ya masharti yao, kwa maana vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Marubani wa United waliliona hilo mwaka 1985. Kipimo B kikishazoeleka, mwajiri huanza kukiita cha kawaida, na kile cha mkongwe huitwa anasa.

Kwa walimu wapya, na kwa wanafunzi wa ualimu wanaosoma haya huko Kahawa, Kilimambogo au kwingineko, ninasema hivi. Dai haki yako bila kuona haya, lakini lidai pia jina la mwalimu kwa kazi yako. Ufundi wa kufundisha hauji pamoja na barua ya ajira ya kudumu. Huja kwa kuandaa somo, kusahihisha madaftari, na kumuuliza aliyekutangulia. Waliopo majilisini leo watastaafu karibuni, na hakuna kozi itakayorudisha wanachokijua wakishaondoka.

Na kwa wale wanaotunga masharti ya kazi: kabla ya kuuliza wito wa vijana umekwenda wapi, waulize ni nani aliyeziondoa mbao za sakafu. Mtoto wa gredi ya saba pale Ruiru hajui kama mwalimu wake ni wa kudumu au ni mwanagenzi. Anachojua ni kama mwalimu huyo amekuja, na kama akili yake iko darasani.