Mwananchi Aendapo Bungeni

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia jiko na malezi ya watoto, leo unamwalika Bungeni. Lakini na akumbuke mwaka 2018. Tarehe 1 Julai ya mwaka ule ilianza kutozwa kodi ya asilimia 1 juu ya fedha zitumwazo kwa simu: mwenye kuweka alikatwa, mwenye kupokea alikatwa, na mwenye kutoa naye alikatwa. Mama aliyetumiwa karo ya mtoto na ndugu yake wa mjini aliiona kodi ile mkononi mwake kabla hajalisikia hata jina la mswada ulioileta. Wananchi walinung'unika, na kabla mwaka haujakwisha Bunge likairudia sheria yake: kodi ikashushwa hadi nusu ya asilimia, tena kwa fedha zinazotolewa tu. Basi jambo lile liliingia kwa mlango wa Bunge, na kwa mlango huo huo likapunguzwa. Raia anaruhusiwa kuupita mlango huo. Ajabu ni jinsi tulivyo wachache tunaoupita.

Jumba la Bunge letu liko katikati ya Kampala, jirani na Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza. Mgeni hukaguliwa langoni, kwa hiyo asisahau kitambulisho. Kikundi, kama vile shule au chama cha akina mama, heri kiombe mapema kwa barua kwa Katibu wa Bunge. Vikao vya Bunge zima kwa kawaida huwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana. Atakayekuja Ijumaa atatazama viti.

Wageni huketi kwenye roshani na kunyamaza. Hata akisemacho mbunge wako kikikupendeza, usipige makofi. Mkono wa kuume wa Spika hukaa upande wa Serikali, na mkono wa kushoto hukaa upinzani. Itazameni siwa, ile rungu ya heshima iwekwayo mezani. Ikiwa juu ya meza, Bunge limekaa kama Bunge. Ikishushwa, wabunge wamegeuka kuwa kamati ya Bunge zima, nao wanaupitia mswada kifungu kwa kifungu. Wageni wengi huchoka hapo na kuondoka, wakidhani hotuba ndizo zilizokuwa na maana. Kwa kweli ni wakati huo ndipo neno moja huongezwa au kufutwa, na asilimia 1 ikawa nusu.

Watoto wa shule huuliza swali moja bila kukosa: mbona viti vingine ni vitupu? Nilipokuwa nikisomea ualimu tulifundishwa kwamba swali la mtoto lisijibiwe nusu. Baadhi ya wabunge wako katika kamati, baadhi wako majimboni, na baadhi, tuseme kweli, hawakuja tu. Katiba inadai akidi ya theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura kabla jambo halijaamuliwa. Bunge la wakati wa uhuru, mwaka 1962, lilikuwa na wajumbe wasiofika 100. Sasa wamepita 500.

Lakini mwenye nauli ya siku moja tu ningemshauri aende asubuhi, katika kamati. Mswada ukisha kusomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati inayohusika, nayo hupewa siku 45 kuuchunguza na kutoa taarifa. Kwa Katiba ya mwaka 1995 kamati ina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi, awe waziri au mtu mwingine, na kumlazimisha afike. Hapo ndipo wafanyabiashara wakubwa hupeleka mawakili wao na karatasi zao. Muuza ndizi naye anaweza kuandika: jina lake, kijiji chake, namba ya kifungu kinachomuumiza, kinamuumiza kwa kiasi gani, na angependa kisomekeje. Ukurasa mmoja unatosha. Baada ya kura ya mwisho, Rais hupewa siku 30 kuutia saini mswada au kuurudisha, na hapo maoni ya mwananchi huwa yamechelewa.

Hapa nina neno juu ya lugha. Wazee wanakumbuka kwamba tangu mapinduzi ya Januari 1971 hadi mwaka 1979 nchi hii haikuwa na Bunge. Sheria zilitolewa kwa amri, na wananchi wakazisikia redioni. Hata Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri, mwaka 1973. Mwaka 2005 Bunge lenyewe lilibadili Katiba na kukifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo majadiliano huendeshwa kwa Kiingereza. Jirani zetu wa Tanzania hujadili kwa Kiswahili, na Kenya mbunge huchagua mojawapo ya lugha hizo mbili. Mimi sioni kwa nini mama wa Arua au Jinja akae roshanini kama kiziwi. Mpaka hapo, barua yako kwa kamati iambatane na tafsiri ya Kiingereza.

Pana faida nyingine ya safari hii. Mtu aliyeona mswada ukipitishwa hamwoni tena mbunge wake kuwa ni mfuko wa rambirambi na karo. Tunamwomba jeneza, tunamwomba mabati ya kanisa au msikiti, naye hutoa, kisha hatumwulizi alisema nini siku ya bajeti. Fedha za dawa za zahanati nzima huamuliwa kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Jeneza ni la msiba mmoja.

Na kila asemalo ukumbini huandikwa, likachapishwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, pamoja na jina lake na tarehe. Zitafuteni kumbukumbu za siku ambayo mswada wenu ulijadiliwa, mkampe mtoto wa sekondari awasomee.