Farasi Hana Kosa

Jamani, mniwie radhi kwa kimya cha wiki mbili. Mitihani ya katikati ya muhula imetukaba koo, na katikati ya hiyo kabari mwenzenu nilitoroka nikaenda kufanya yoga na farasi.

Msicheke. Hapa Marekani ukichoka roho hukosi cha kununua. Mwaka 2016 kule Oregon walianzisha yoga na mbuzi, wewe umeinama, mbuzi anakupanda mgongoni, na watu wakapanga foleni. Kwa farasi wameongeza na "tiba ya nishati" juu yake. Rumeti wangu, mtoto wa Tanga, alikuwa halali vizuri karibu mwezi mzima, akaniomba nimsindikize. Dola 60 kila mtu. Kwangu hizo ni saa tano za kuosha vyombo kantini.

Nisiwe mnafiki: nilifaidi. Asubuhi ya baridi, mkeka juu ya nyasi, pumzi taratibu, simu imezimwa. Farasi jike mmoja wa kijivu akaja akaninusa kichwa, nikajikuta nalia. Mnyama mzito kuliko watu watano anakupumulia sikioni bila kukuuliza umepata ngapi kwenye takwimu, utaacha kulegea? Kwa hiyo sina ugomvi na farasi, wala na yoga ya Wahindi.

Ugomvi wangu ni na mama mwenye shamba. Alipita akipitisha mikono juu ya vichwa vyetu bila kugusa, akatangaza kwamba farasi amevuta nishati mbaya ya rumeti wangu. Eti akishasafishwa hivyo, asiende tena kumsimulia mshauri shida zake, atairudisha ile ile. Rumeti akarudi anaimba. Jumatatu akafuta miadi ya ushauri nasaha aliyoisubiri wiki tatu. Alhamisi saa tisa usiku nikamkuta sakafuni bafuni, anatetemeka, pumzi haipandi haishuki. Farasi yuko wapi saa hiyo?

Mtaniambia, "Lakini farasi anahisi huzuni ya mtu." Anahisi, ila kwa macho na masikio. Berlin palikuwa na farasi akiitwa Hans, watu wakiamini anajua hesabu. Oskar Pfungst alimchunguza, na mwaka 1907 akaeleza siri yake: Hans alikuwa akitazama vijitikiso vya kichwa vya muulizaji. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Farasi anakusoma mwili kuliko unavyosoma notisi zako, lakini hiyo haimfanyi fyonza-nishati.

Na mikono je? Mtoto wa miaka tisa, Emily Rosa, aliwapima watu 21 waliodai kuhisi nishati ya mwili kwa viganja. Aliwawekea pazia la kadibodi, akawa anaweka mkono wake karibu na mkono wao mmoja, waseme ni upi. Mara 280 walizojaribu, walipatia 123, asilimia 44. Bora wangerusha sarafu! Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Hata hiyo reiki wanayoiita hekima ya kale, Mikao Usui aliianzisha Japani mwaka 1922. Ukale gani huo?

Farasi anaweza kusaidia mgonjwa, sibishi. Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimpoozesha miguu chini ya magoti, alitwaa medali ya fedha ya mashindano ya adabu za farasi Helsinki mwaka 1952. Lakini alifika pale kwa mazoezi ya miaka, hakupungiwa mikono.

Na hilo neno kupunga ndilo linaloniuma. Sisi wasomi tunawacheka watu wa kwetu wanaopungwa pepo. Tunacheka mabango ya waganga kwenye nguzo za umeme Dar. Mwaka 2011 tuliwacheka waliopanga foleni Loliondo kwa kikombe cha Babu, na tulikuwa na haki ya kuogopa, maana wapo walioacha dawa zao za hospitali. Sasa mganga yule yule akiongea Kiingereza, akiwa na mkeka na tovuti nzuri, tunatoa kadi ya benki. Babu alitoza shilingi 500, jamani. Dola 60 ni vikombe vingapi?

Nendeni kwa farasi mkitaka, mpumue, mlie, mrudi. Lakini mtu yeyote akikwambia uache mshauri au dawa kwa sababu amekusafisha, mkimbie, hata kama amesimama na mnyama mzuri.

Rumeti amepata miadi mingine, Jumanne saa nne. Nitamsindikiza mpaka mlangoni, nikae nje kwenye benchi na notisi zangu za takwimu. Hiyo ni bure.