Nani Hulipia Darasa la Nyumbani?

Katika mkutano mmoja wa wazazi uliofanyika hapa Kampala, nilimsikia mwalimu mwenzetu, mtu wa heshima na mwenye bidii katika kazi yake, akiwashauri akina mama wa Namuwongo wajibane. Mzazi asiyeweza kulipa karo, alisema, asikate tamaa. Na amfundishe mwanawe nyumbani. Apunguze sukari, aache soda, aweke akiba kidogo kila siku, na baada ya mwezi atakuwa na fedha za kununua vitabu vyote vilivyomo katika orodha. Haba na haba hujaza kibaba. Ukumbi ulipiga makofi. Nami, nasema kwa haya, nilipiga makofi pamoja nao.

Leo nataka kuyatangua makofi yale. Ushauri ule haukutolewa kwa nia mbaya, lakini ulikuwa na kosa, na kosa lenyewe ni letu sote tunaofundisha Kiswahili katika mji huu. Tumezoea kuipima gharama ya elimu ya nyumbani kwa bei ya vitabu. Gharama kubwa kuliko ya vitabu ni saa za mzazi, na saa hizo hakuna anayeziandika katika hesabu.

Asiyeijua Namuwongo yafaa aelezwe. Mtaa huu umo upande wa kusini-mashariki wa jiji, katika Divisheni ya Makindye, chini ya kilima cha Muyenga chenye majumba ya wenye nacho. Reli inapita kando yake, na mfereji wa Nakivubo unabeba maji machafu ya jiji kuyapeleka ziwani. Mvua ikizidi, maji hayo huingia vyumbani. Jirani yake ni eneo la viwanda. Wakazi wametoka kaskazini na magharibi ya Uganda, wametoka Kongo, wametoka Kenya. Wengi wao hula leo kile walichokipata leo. Kwa mtu wa namna hiyo, kuambiwa aweke akiba ya mwezi ni sawa na kuambiwa ahifadhi maji katika kikapu.

Elimu ya nyumbani haikuja Namuwongo kwa sababu wazazi waliichagua. Ililetwa na mlango wa shule uliofungwa. Mwezi Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa zamu, yakafungwa tena Juni 2021, na milango haikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili kila nyumba iliambiwa iwe shule na kila mzazi awe mwalimu. Kituo cha Taifa cha Kuunda Mitaala kilitayarisha vitini, vikachapishwa hata magazetini, na masomo yakasomwa redioni. Kisha shule zikafunguliwa, lakini si watoto wote waliorudi. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila ada tangu mwaka 1997. Hata hivyo sare, chakula cha mchana na karatasi za mtihani havikutangazwa kuwa bure. Ndiyo maana hata leo yupo mtoto wa Namuwongo anayekaa nyumbani muhula mzima akingojea fedha, na yupo mama anayejaribu kumfundisha kwa kalamu na daftari moja.

Basi na tufanye hesabu ambayo mwenzetu hakuifanya. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Kila mwalimu aweke za soko lake. Tuchukulie mama mwenye watoto watatu, anayeuza nyanya na vitunguu kando ya njia. Kila mtoto anahitaji madaftari matatu kwa muhula, shilingi 1,000 kila moja: jumla 9,000. Kalamu tatu za shilingi 500 ni 1,500. Kitabu kimoja cha kiada, watakachosoma wote watatu, tuseme ni shilingi 20,000. Vifaa vyote, basi, ni shilingi 30,500. Hapo ndipo mwenzetu alipofunga daftari lake la hesabu na kuanza kuzungumzia sukari.

Tuendelee alipoishia. Mama huyu anawafundisha watoto jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja, kwa sababu tumemwambia kwamba jioni ndiyo saa ya kudurusu. Lakini saa hizo ndizo wafanyakazi wa viwandani wanaporudi makwao na kununua mboga za chajio. Tukisema kwamba anapoteza faida ya shilingi 3,000 tu kila jioni, siku tano kwa juma, majuma kumi na mawili, amepoteza shilingi 180,000. Hiyo ni karibu mara sita ya bei ya vitabu na madaftari yote. Akiacha sukari mwaka mzima hataifidia. Kibaba kilichotoboka hakijai kwa haba na haba. Chahitaji kuzibwa kwanza.

Mama mmoja aliniambia haya kwa maneno machache kuliko yangu: "Mwalimu, kitabu nitakitafuta. Lakini nikikaa na watoto, nani atakaa na nyanya?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeona aibu kumshauri mtu ajibane kabla sijamuuliza saa zake zinakwenda wapi.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni vyombo: mpe kila mwenye nyumba redio, mpe kila mtoto simu, na kazi imekwisha. Mwaka 2020 iliahidiwa redio kwa kila nyumba. Madarasa yalifunguliwa tena kabla wengi hawajaiona. Na huyo mwenye simu, je? Tangu Julai 2018 alitozwa shilingi 200 kwa siku ili aweze kutumia mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Ni kweli kwamba huduma za elimu ziliachwa nje ya ushuru huo. Lakini mzazi wa Namuwongo hupata masomo ya mtoto kwa ujumbe wa jirani katika simu, na ujumbe huo hauna muhuri wa elimu. Na tukubali kwamba chombo kimefika bure: bado hakimwondolei mama ulazima wa kukaa na mtoto. Redio haisahihishi madaftari.

Majirani zetu wa Tanzania walilitambua jambo hili miaka mingi iliyopita. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza kwa muda wa majuma kumi na mawili. Hawakungoja kila mmoja awe na redio yake. Walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio moja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi aliyekuwa mwenzao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sidai kwamba mtoto wa darasa la nne ni sawa na mkulima mtu mzima. Ninachodai ni kwamba walijua kugawana kile kilichokuwa ghali.

Na tugawane vivyo hivyo. Mama wanne wenye watoto watatu kila mmoja wakiunda kikundi, kitabu cha shilingi 20,000 kinakuwa 5,000 kwa kila nyumba. Zamu za kusimamia, katika siku 60 za muhula, zinakuwa siku 15 kwa kila mama. Na zamu yenyewe isiwekwe jioni, bali saa nane mchana, wakati wanunuzi ni wachache. Tuseme hasara yake ni shilingi 1,000 badala ya 3,000. Basi hasara ya muhula ni shilingi 15,000. Ukijumlisha madaftari, kalamu, sehemu ya kitabu na saa zilizopotea, unapata shilingi 30,500. Mama aliyekuwa peke yake alilipa 210,500. Tofauti hiyo haikutoka katika sukari. Imetoka katika kubadilisha saa ya somo na kushirikiana na jirani.

Mtauliza watoto kumi na wawili watakaa wapi, maadam chumba ni kimoja na kitanda kimekijaza. Watakaa barazani, au katika jengo la ibada lisilo na ibada mchana wa siku za kazi, kwa idhini ya wenyewe. Mkubwa atamsomea mdogo. Madaftari yatafungwa katika mfuko wa plastiki na kuning'inizwa juu, ili mfereji ukifurika yasisombwe. Hayo wenyeji wanayajua kuliko mimi.

Sasa nigeuke kwetu, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako. Katika masomo yote yanayoweza kufundishwa nyumbani Namuwongo, ni Kiswahili ambacho kingepaswa kuwa rahisi kuliko yote. Mwalimu wake anaishi chumba cha pili: ni yule fundi aliyetoka Bukavu, ni yule mchuuzi aliyetoka Busia. Lakini sisi tumefika na orodha ya vitabu vitano, na vitini tunavyoviuza wenyewe, tukamwambia mzazi kwamba Kiswahili cha jirani ni kibovu na mtoto asikisikilize. Tumemwuzia maji mtu anayekaa mtoni.

Nchi hii ina sababu za kukiogopa Kiswahili. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin, na wengi walikijua kwanza kinywani mwa askari. Ilichukua miaka mingi mpaka Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mpaka Baraza la Mawaziri lilipopendekeza mwezi Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Baada ya safari hiyo yote, je, tuwe sisi walimu wa kukifanya mali ya wenye fedha za vitabu?

Wapo watakaosema kwamba nataka kuharibu Kiswahili sanifu. La hasha. Upatanisho wa ngeli utafundishwa, na utafundishwa na sisi. Mtoto anayesema "kitabu yangu" ana maneno tayari. Anachokosa ni kanuni, na kanuni ni kazi ya saa moja kwa juma ya mwalimu aliyesomea. Kumpa maneno elfu moja mtoto asiyekuwa na hata moja, hiyo ndiyo kazi ya miaka, na jirani ameifanya bila malipo.

Wengine watasema kwamba kwa kuwafundisha maskini namna ya kujisaidia ninaipunguzia serikali wajibu wake. Hofu hiyo naiheshimu. Darasa la barazani si shule. Mtihani wa darasa la saba husajiliwa kupitia kituo, na mtoto asiyerudi shuleni atafungiwa mlango huo. Kwa hiyo tudai karo na michango ipungue, tudai chakula cha mchana, wala tusinyamaze. Lakini mtoto aliye na miaka minane leo hatabaki na miaka minane mpaka madai yetu yajibiwe.

Ndugu walimu, naleta mapendekezo mawili kwa wanachama wenzangu. Kwanza, mwalimu yeyote anayetoa orodha ya vitabu kwa wazazi wa mitaa kama Namuwongo aandike chini yake kitabu kimoja kinachotosha, na vitini vyetu tuvitoe kwa vikundi bila kuviuza. Pili, kila mmoja wetu ajitolee saa moja kwa juma, saa nane mchana, katika baraza moja. Mwenzetu aliyewashauri akina mama waache sukari nimekwisha kumwomba awe wa kwanza kuandikisha jina lake. La pili litakuwa langu, kwa kuwa nilipiga makofi.